Jino la Juu na Mashine ya Shangazi

Juma lililopita nilikuwa namlisha mwanangu uji, kijiko kikagonga kitu kinywani mwake. Ka. Sauti ndogo tu, kama kikombe kinapogusa sahani. Niliweka bakuli chini, nikanawa mikono, nikampitishia kidole kwenye fizi. Jino. Mama mwingine angepiga vigelegele, au angempiga picha mtoto akawatumia ndugu wote kwenye simu. Mimi nilibaki nimesimama pale jikoni, na puani nikasikia harufu ya majivu yaliyolowa. Nyumba hii tunapikia gesi. Majivu hayajawahi kuingia humu.

Sikumwambia mtu. Nilimfuta mtoto mdomo nikaendelea kumlisha, lakini kichwa kilikuwa kimeshapanda mlima. Kilikuwa Lushoto, jikoni kwa Shangazi, siku Baba alipolala kifudifudi kwenye sakafu yenye maji, mikono yote miwili imezama ndani ya mashine.

Niieleze kwanza hiyo mashine, maana ndiyo iliyotuleta pale. Shangazi ni dada mkubwa wa Baba. Alifanya kazi ya unesi Ujerumani tangu ujana wake mpaka baridi yabisi ilipomharibu vidole. Aliporudi nyumbani kupumzika alijenga hapo hapo kiwanjani kwetu, nyuma ya miti ya mapeasi, na vitu vyake vikapandishwa mlimani kwa lori. Palikuwa na makochi, masanduku, baiskeli isiyofaa kitu katika vilima vyetu, na kabati jeupe la bati ambalo wapagazi walilishusha wakiuliza kama ni friji.

"Ni mashine ya kuoshea vyombo," Shangazi akasema.

Walicheka mpaka mmoja wao akakaa chini. Nyumba imejaa wanawake, mashine ya kuoshea vyombo ya nini?

Waliocheka hawakuwa wameiona mikono ya Shangazi. Maungio yake yalikuwa yamevimba, vidole vimeegemea upande mmoja, na kufungua mfuniko wa chupa ilikuwa kazi ya kuombea msaada. Na maji ya kwetu miezi ya baridi si ya kufanyia mzaha. Hata sisi watoto tukiosha sahani mbili tatu tulikimbilia jikoni kwa Bibi kuota moto. Shangazi alikuwa na kiburi chake, na sasa ninakielewa. "Nimewaosha watu wazima maisha yangu yote," alikuwa akisema, "sitakaa kwenye kiti nioshewe kikombe changu." Mashine ile ndiyo iliyomwezesha kuishi nyumbani kwake bila kumwita mtu.

Bibi, mama yao Shangazi na Baba, aliishi na sisi nyumba ya chini, na hakuikubali hata siku moja. Aliiita Mmeza Sahani. Kitu kisicho na mikono kitaoshaje? Mimi niliipenda mwanzoni. Ukiufungua mlango wake ulianguka mbele kama taya, na ndani palikuwa na treya mbili za waya zenye vijiti vilivyosimama wima, meno ya juu na meno ya chini, na harufu ya limao ikatoka humo. Baadaye hayo meno ndiyo yaliyonitisha.

Msimu huo alifariki jirani yetu mmoja, fundi redio. Alipanda juu ya bati kurekebisha antena mvua ikinyesha, ikagusa waya wa umeme. Sisi watoto tulifukuzwa, lakini nani amewahi kuwafukuza watoto wakaondoka kweli? Tulijificha nyuma ya mgomba tukaona miguu yake wakati anabebwa. Soksi moja ilikuwa imetoboka kidoleni. Mpaka leo sijui kwa nini lile tundu la soksi liliniogopesha kuliko yote.

Msibani, wanawake walikaa kwenye mkeka wakichambua maharage ya makande. Nilikuwa nimejibanza ubavuni mwa Bibi. Pale alikuwapo ajuza mmoja wa mtaani, Bibi Mwanaidi, ambaye msiba bila yeye haukunoga, kwa kuwa alijua kila aliyekufa na kilichomuua.

"Umeme ni kisingizio," alisema. "Muulizane humu mtaani yumo nani. Vigego hawajaisha. Siku hizi watu wanawaficha tu."

Mke wa mwalimu, ambaye hakuwa Mshambaa, akauliza kigego ni nini.

"Ni mtoto anayeanza na jino la juu. Wenzake wote wanaanza na la chini, yeye la juu. Zamani huyo hakukaa na watu. Alipelekwa huko mwambani, na aliyempeleka alirudi peke yake. Maana akiachwa, mwanangu, anachokigusa kinaharibika, na awapendao ndio wanaotangulia kuzikwa."

Bibi aliweka ungo chini. Chai ilikuwa imeshamiminwa, na Bibi hakuwa mtu wa kuacha chai. Alisimama, akanishika kifundo cha mkono, akasema, "Twende." Alinishika kwa nguvu mpaka nikaumia, na njia nzima hakusema neno, yeye ambaye kwa kawaida alinitania kila hatua akiniita mke mwenzangu.

Sasa, hebu nieleweke. Mimi wakati huo nilikuwa na pengo. Nilikuwa nimeanguka kwenye ngazi za shule, jino moja la mbele la juu likang'oka kabla ya wakati wake, na kwa majuma kadhaa ulimi wangu ulikuwa ukilitembelea lile pengo. Siku chache kabla ya msiba ulimi ulikuta kitu kigumu, kina makali ya msumeno. Jino jipya. Ya chini yote yalikuwa yale yale ya utoto, hata moja halijatikisika. Kwa hiyo jino langu la kwanza la ukubwani lilikuwa la juu. Hakuna aliyekuwa ameniambia kwamba habari ile ni ya watoto wachanga. Nilichokisikia ni kwamba anayeanza na la juu ndiye, na Bibi yangu alikuwa amenishika mkono akaniondoa mbele za watu. Kwa akili yangu, Bibi alijua, na alikuwa ananificha.

Tangu siku ile nilifunga mdomo. Niliongea nimeweka mkono wa sweta mbele ya midomo, na nikicheka niligeukia ukutani. Mwalimu akanisifia kwamba nimekuwa mpole. Upole gani! Ilikuwa hofu tupu. Nilianza kuangalia vitu nilivyovigusa. Kikombe kiliniponyoka kikavunjika. Kuku niliyekuwa nikimlisha kiganjani alikutwa amekufa bandani. Mama, ambaye nilikuwa nikilala naye nikimshika sikio, akapigiwa simu kwamba dada yake ni mgonjwa, akashuka Muheza kumuuguza. Alipokuja kuniaga nilijificha chooni ili asinikumbatie. Alifikiri nimenuna.

Kisha ikaja zamu ya mashine. Shangazi aliniita baada ya chakula cha mchana nimpangie vyombo, kwa sababu vidole vilikuwa vinamsumbua. Nilipanga sahani, nikabana pumzi, nikabonyeza kitufe kwa ncha ya kidole kimoja. Ikanguruma, ikajaza maji, ikaguna guno refu la mgonjwa, ikanyamaza. Tulipofungua, maji ya kijivu yalikuwa yametuama chini yake, hayatoki. Shangazi akabonyeza tena na tena, wapi. Kesho yake maji yale yalianza kunuka.

Asubuhi hiyo nilimkuta amechemsha maji ya birika, anaosha vikombe kwa mikono yake. Hakunisikia nikiingia. Kila kikombe alikishika kwa viganja viwili, na machozi yalikuwa yanamtoka yenyewe, hana hata habari nayo. Nilitaka kumwambia, "Shangazi, lete nivioshe mimi." Nikaiangalia mikono yangu, nikarudi nyuma kimya kimya.

Baba alipopata habari alifurahi, na hiyo ndiyo iliyokuwa tabia yake. Alikuwa mkulima wa kabichi na karoti, mazao yake yakiuzwa gulioni Lukozi, lakini moyo wake ulikuwa kwenye vitu vilivyoharibika. Pampu ya shambani aliifungua mwenyewe. Pikipiki za vijana, pasi, miavuli, saa ya ukutani ya kanisani, vyote vilipita mikononi mwake. Hakujua kupita penye kitu kibovu akanyamaza.

"Tumwite fundi kutoka Tanga," Shangazi akashauri.

"Fundi wa Tanga atakuja na bisibisi. Bisibisi hata mimi ninayo."

"Hii si pampu ya kabichi, mdogo wangu."

"Dada, kilichofungwa na mtu kinafunguliwa na mtu."

Ilikuwa Jumamosi, na ukungu ulikuwa umeshuka mpaka dirishani. Baba alichomeka plagi, akawasha mashine ili aisikilize. Aliweka sikio kwenye bati kama daktari. "Inanguruma lakini haitemi," alisema. "Imekabwa." Kabla hajamaliza, taa ikazimika, friji ikatetemeka ikanyamaza. Umeme umekatika.

Huko kwetu umeme ukikatika ndipo mafundi wa nyumbani wanapoamka. Balbu hubadilishwa wakati huo, soketi hufungwa wakati huo, swichi zinazorusha cheche hushughulikiwa wakati huo. Kwa nini uhangaike kuzima kitu ambacho kimeshajizima? Baba akasugua viganja. "Afadhali. Umejiondokea wenyewe. Sasa tufanye kazi."

Na plagi akaiacha ukutani.

Niliiona. Ilikuwa kwenye soketi juu ya meza ndogo, kando ya chombo cha kukaushia sahani, waya wake mnene mweupe ukishuka nyuma ya mashine. Niliitazama kama unavyomtazama mbwa aliyelala.

"Mama, njoo unishikie tochi," Baba akaniita. Aliniita mama siku zote, kama baba wengi wanavyowaita binti zao. Nilitikisa kichwa, mkono wa sweta mdomoni.

"Ana nini huyu siku hizi?"

"Mwache," Bibi akasema kutoka kwenye kigoda chake mlangoni, ambako alikuwa amekuja kuchambua maharage na kutuangalia. Hakuwa ametulia hata yeye. "Hata hiyo Mmeza Sahani iacheni. Imekufa, izikwe."

Shangazi ndiye aliyeshika tochi, kwa mikono yake miwili mibovu. Baba aliyateka yale maji kwa kopo, mengi yakamwagika sakafuni. Alifungua skrubu za chini, akatoa bati la mbele, akalala kifudifudi ndani ya maji yale na kuingiza mikono mpaka viwikoni. Shati lilimganda mgongoni. Nilisikia sauti yake ikitoka mbali, kama mtu aliye kisimani.

"Nimeigusa pampu. Ina nyaya mbili hapa. Ngoja nizitoe kwanza."

Miguu yake ilikuwa imeelekea kwangu. Alivaa soksi za kijivu, na moja ilikuwa na tundu kisiginoni.

Sijui nitalisemaje hili ili lieleweke kwa mtu mzima. Nilijua Baba atakufa, na nilijua sababu ni mimi, kwa kuwa nilikuwa nimeigusa mashine na kwa kuwa nilikuwa nampenda. Umeme kwetu ulikuwa na tabia ya kurudi bila hodi. Nilitaka kupiga kelele, lakini ningepiga kelele ya nini? Ningesema nini bila kufungua mdomo? Nilirudi nyuma mpaka mgongo ukagota kwenye ukuta, ili niwe mbali naye iwezekanavyo, na hapo ukutani, karibu na bega langu, ndipo ilipokuwa ile plagi.

Wazo lilinijia likiwa limekamilika. Kama mimi ndiye ninayeua vitu, basi niiue hii mashine sasa hivi, kabla haijamuua Baba.

Kugusa soketi kulikuwa mwiko nyumbani kwetu, na tangu jirani afe mwiko ulikuwa umeongezwa viboko. Nilivuta mikono ya sweta ikafunika vidole. Nilishika plagi kwa mikono miwili, nikafumba macho, nikavuta. Ilikuwa ngumu. Nikavuta tena kwa uzito wangu wote, ikatoka ghafla, nikaanguka kwa makalio, na njiani nikakumba chombo cha kukaushia. Sahani ya Shangazi, ya zile za maua ya bluu, ikadondoka ikapasuka vipande vipande.

"We mtoto!" Shangazi akageuka. "Nini tena?"

Taa ikawaka.

Friji ikashtuka, ikaanza kunguruma. Sebuleni redio ikaanza kuhubiri katikati ya sentensi, kwa sauti kubwa kama tulivyoiacha. Tochi ya Shangazi ilikuwa inamulika bure. Ile miguu yenye soksi ilitulia kabisa, na mimi nikasubiri ianze kubebwa.

Kisha Baba akaitoa mikono yake polepole, mmoja, halafu wa pili. Wa pili ulikuwa umeshika waya, shaba yake imebaki wazi kati ya vidole vilivyolowa. Akaangalia balbu. Akauangalia waya. Akaufuata kwa macho ule waya mnene mweupe kutoka nyuma ya mashine mpaka ulipoishia, mapajani mwangu, mimi nimekaa kwenye vigae vya sahani.

"Nani amechomoa?" Sauti haikuwa yake.

"Mimi."

"Yesu wangu," Shangazi akasema, akaketi kwenye kiti bila kuangalia kama kipo.

Baba alikuja kwangu kwa magoti. Nilifikiri ananipiga, nikaziba mdomo kwa mikono yote. Hakunipiga. Alinishika mabegani kwa ile mikono iliyolowa.

"Kwa nini umechomoa, mama?"

"Nilitaka ife."

"Nini ife?"

"Mashine. Nikigusa kitu kinakufa. Nilitaka ife yenyewe, isikuue." Hapo kilio kikanishinda, nikaachama mbele yake ili aone mwenyewe lile jino. "Mimi ni kigego, Baba."

Redio iliendelea kuhubiri. Baba alinitazama kinywani, halafu akamgeukia Bibi mlangoni. Bibi alikuwa ameacha maharage yamwagike miguuni mwake.

"Nani kamwambia mtoto maneno haya?"

"Bibi Mwanaidi," nikasema. "Na Bibi anajua. Alinishika mkono tukaondoka, hata chai hakunywa."

"Ee Mungu wangu, mke mwenzangu," Bibi akasema taratibu. "Sikuondoka kwa ajili yako."

Baba alifuta mkono kwenye suruali iliyolowa, akakichukua kidole changu, akafungua mdomo wake na kukiweka juu ya jino lake la mbele. La juu. Lilikuwa la baridi, na nyuma yake pumzi yake ilikuwa ya moto.

"Lililotangulia kwangu ni la hapa," alisema nilipotoa kidole. "Nikiwa wa kubebwa mgongoni. Habari ile ni ya watoto wachanga, si ya wenye mapengo. Wewe ulianza na la chini. Mama yako alipiga vigelegele mpaka mbwa wa mchungaji wakabweka."

Nilimwangalia Bibi. Alikuwa ameshika upindo wa kanga machoni.

Ndipo nikasimuliwa, nusu na Baba, nusu na Bibi, na Shangazi akitia neno hapa na pale, kwa kuwa alikuwa binti mdogo wakati huo na alikumbuka. Wakati Baba anazaliwa watoto hawakutupwa tena, serikali na makanisa walikuwa wameshakataza. Lakini mdomo wa mtu nani ameukataza? Bibi alipoliona lile jino hakumwambia hata mumewe. Alifunga kitambaa kichwani, akamfunga mtoto mgongoni, akaaga kwamba anakwenda kumsalimia kaka yake, aliyekuwa akikata mkonge huko chini Mazinde. Alikaa kule katika joto na mbu, yeye mtu wa ukungu, mpaka meno ya chini yalipotoka na kinywa cha mtoto kikafanana na vinywa vingine. Kumbe ndiyo maana kila tulipofika mahali ambapo tambarare inaonekana, Bibi alisimama akatazama bila kusema anatazama nini.

"Lakini mtu mmoja alijua, na mmoja anatosha," Baba alisema. "Nilipokuwa na umri wako, mtungi ukivunjika ni mimi. Ng'ombe akitupa mimba, ni mimi, nilipita karibu na zizi. Basi nikaona, kama kila kinachoharibika ni changu, afadhali nijue kukitengeneza."

Alilisema akitabasamu, kama mtu anayesimulia alivyowahi kunyeshewa njiani. Mimi nilikuwa mdogo, lakini niliona Shangazi ameinamisha kichwa, na nikaelewa pampu, pasi, miavuli na saa ya kanisani.

"Na leo," akaongeza, akiuangalia ule waya, "kigego angekufa kwa ujinga wake mwenyewe, wala si kwa jino la mtu." Akachukua plagi, akamkabidhi Shangazi mapajani. "Dada, kaa nayo. Asiiguse mtu." Kisha akanyoosha mkono kwangu. "Sasa njoo. Kuna tundu hapa, mkono wangu haupiti. Wako utapita."

Sitadanganya kwamba hofu iliniishia. Niliingiza mkono nikiwa nimefumba macho. Ndani palikuwa na giza na utelezi, na vidole vyangu vikakuta donge laini lenye nyuzi. Nililivuta kidogo kidogo likatoka. La kijivu, lenye harufu nzito ya jivu bichi, harufu ile ile. Baba alilisugua kati ya vidole, akalinusa, akalichambua.

"Majivu," alisema. "Na magunzi."

Sote tukamwangalia Bibi.

"Mama!" Shangazi akasema.

"Sasa mlitaka masufuria yaingie humo na masizi yake?" Bibi akajibu kwa ukali wa mtu aliyebanwa. "Hata kama ni mashine, ni mgeni. Kila mkitoka nilikuwa nayapitishia jivu na gunzi kidogo, isije ikasema sisi ni wachafu."

Alikuwa akifanya hivyo tangu mashine ifike. Anayasugua kwa majivu kama alivyosugua maisha yake yote, anayarudisha kwenye treya bila kuyasuuza, kwa sababu kusuuza, alisema, si ndiyo kazi yake hiyo Mmeza Sahani? Baba alicheka mpaka akaegemea ukuta. Mimi nilicheka pia, na kwa mara ya kwanza baada ya muda mrefu sikugeukia ukutani.

Baba alirudisha nyaya na skrubu, akakausha sakafu yote, akavaa viatu vya mpira, ndipo akachukua plagi. Tulisimama mbali. Mashine ikanguruma, ikaguna, halafu tukasikia maji yakitoka kwa kasi kwenye mpira wake. "Imetema!" Baba akapaza sauti. Shangazi aliiweka mikono yake juu ya mlango wa bati uliokuwa unapata joto, akaiacha hapo hapo.

Usiku huo sikulala vizuri, wala usiku uliofuata. Hofu ya jino iliondoka kwa kweli, lakini nyingine ilihamia mahali pake, na haijahama mpaka leo. Mimi ni mtu wa kuchomoa plagi. Mume wangu ananicheka. Tukiwa tumeshafika stendi narudi nyumbani kuangalia pasi. Umeme ukikatika, wenzangu wanawasha mishumaa, mimi nazunguka ukutani nachomoa.

Sasa jino la mwanangu. Nilinyamaza nalo, nikawa namlisha mwenyewe, wifi yangu akija nampa mtoto chuchu ili kinywa kifungwe. Nilikuwa najificha Mazinde yangu humu humu ndani. Na mimi nimesoma, jamani! Daktari akiniuliza nitamwambia jino ni jino. Lakini kile kifundo cha mkono alichonishika Bibi kilikuwa kinaniuma. Mwisho nikampigia Baba. Siku hizi anazungumza na simu kama anamwita mtu ng'ambo ya bonde.

"Shikamoo, Baba."

"Marahaba, mama! Mjukuu wangu hajambo?"

"Hajambo. Ameota jino."

Nilisikia kuku wa kwao, na upepo kwenye miti ya mapeasi. Hakuuliza ni lipi.

"La juu," nikasema.

Nilianza kujuta kumwambia mzee wa watu. Kisha akakohoa, na sauti ilipokuja haikuwa ya kuita ng'ambo ya bonde. Ilikuwa ndogo, ya karibu, ya siku ile ya sakafuni.

"Waonyeshe watu," alisema. "Usimfiche hata siku moja. Halafu mtafutie bisibisi, ile ndogo, aizoee mapema."

"Sawa, Baba."

"Ila kwanza, mama, mfundishe kuchomoa plagi."